Dada yangu hakuwa na huzuni

Dada yangu hapigi simu usiku. Akipiga baada ya saa tatu, ujue kuna msiba au kuna mgonjwa. Kwa hiyo simu ilipoita saa nne kasoro robo niliipokea nikiwa nimeshasimama, mkono mmoja unatafuta viatu.

"Mdogo wangu, una nafasi? Nataka nikusomee kitu."

Kilikuwa kile kikaratasi kinachokunjwa mara nyingi ndani ya boksi la dawa, chenye maandishi madogo kama sisimizi. Alisoma taratibu, akirudia maneno magumu, akisimama kukohoa kila baada ya mistari michache. Dawa iko katika kundi la dawa za kutibu sonona. Mtumiaji akipatwa na mawazo ya kujidhuru, amwone daktari haraka. Asiache kutumia ghafla.

Akanyamaza. Nikasikia karatasi inakunjwa.

"Nilimwambia mkojo unanitoka nikikohoa," akasema. "Sikumwambia nina huzuni."

Nilimjibu kwamba huenda wamekosea boksi. Lilikuwa jibu la mtu asiyejua. Tangu usiku ule ni wiki ya tisa sasa, na swali lake halijaniacha. Nimelisoma, nimeuliza watu wenye ujuzi, nimebishana nalo, na mahali pengine limeniongoza nisipopategemea kabisa.

Amenipa ruhusa niandike, mradi nisimtaje jina.

## Stresi ipi?

Jambo la kwanza nililolielewa lilihusu neno tu.

Daktari alimwambia kwamba kuvuja kwake ni "kwa stresi". Sasa wewe msomaji, ukisikia stresi unaelewa nini? Mawazo. Msongo. Kichwa kilichojaa. Dada yangu naye alielewa hivyo hivyo. Alipofika nyumbani na kukuta kikaratasi kinataja sonona na kujidhuru, alijumlisha mwenyewe: daktari ameniona nimechanganyikiwa, akaona haya kuniambia.

Kumbe stresi ya daktari ni mkazo wa mwili. Unapokohoa, kupiga chafya, kucheka kwa nguvu, kuinua mtoto au kuruka, tumbo linakaza na kukisukuma kibofu kwa ghafla. Mrija wa mkojo una msuli unaouzunguka na kuubana, na chini yake imetandazwa misuli ya nyonga inayoushikilia usishuke. Msuli huo ukidhoofika, au ile misuli ya chini ikilegea baada ya kuzaa au kwa umri, msukumo wa tumbo unaushinda mlango. Mkojo unatoka bila kubisha hodi.

Hapo ndipo ilipo tofauti na aina ile nyingine ya kuvuja, ambayo hamu ya kwenda haja inakushika ghafla na hufiki chooni. Kule kibofu chenyewe kinajikaza kabla ya wakati. Dawa zinazojulikana zaidi za mkojo, kama oksibutinini na solifenasini, ni za aina hiyo ya pili. Zinakituliza kibofu. Mlango haziukazi. Mwanamke anayevuja akikohoa akipewa hizo, mara nyingi anachopata ni kinywa kikavu na choo kigumu, na kujikamua chooni nako ni msukumo mwingine juu ya misuli ile ile iliyochoka.

Wapo wenye zote mbili kwa pamoja. Dada yangu hakuwa mmoja wao. Yeye alikuwa na mkazo mtupu, tangu alipojifungua mtoto wa tatu, miaka kumi na mmoja kabla hajafungua mdomo mbele ya daktari yeyote.

Miaka kumi na mmoja. Halafu anaambiwa neno moja, nalo linamrudisha nyumbani akiamini ameonekana hana akili timamu.

Sidhani kama daktari alikuwa na nia mbaya. Naamini alikuwa na dakika chache na neno alilofundishwa darasani. Ila neno lile lingehitaji sentensi moja zaidi, na sentensi hiyo ilikosekana.

## Dawa ilikuwa ya mgongo

Dawa yenyewe ni duloksetini. Na kweli ni dawa ya sonona, boksi halikukosewa. Swali likabaki: inatafuta nini kwenye mkojo?

Jibu liko chini kabisa ya uti wa mgongo. Mwaka 1899 daktari wa mishipa ya fahamu aliyeitwa Onufrowicz alieleza kikundi kidogo cha seli katika sehemu ya uti wa mgongo inayohudumia nyonga. Leo kinajulikana kwa kifupi cha jina lake, kiini cha Onuf. Seli hizo ndizo zinazotuma amri kwenye msuli unaobana mrija wa mkojo. Zimezungukwa na ncha za neva zinazomwaga kemikali mbili, serotonini na noradrenalini, na kemikali hizo zikiwepo kwa wingi seli zinakuwa nyepesi kuitikia. Amri inatoka na nguvu zaidi. Mlango unabana zaidi.

Duloksetini inazuia kemikali hizo mbili zisirudishwe haraka zilikotoka, kwa hiyo zinakaa muda mrefu zaidi. Kwenye ubongo, hilo ndilo linalomsaidia mwenye sonona. Kwenye uti wa mgongo, msuli wa mkojo unapata amri yenye sauti. Katika miaka ya 1990 watafiti waliona kwa paka kwamba dawa hii inaongeza kazi ya msuli ule wakati kibofu kinajaa, na paka akianza kukojoa, msuli unaachia kama kawaida.

Nilipomweleza dada yangu, nilitumia maneno machache kuliko haya. Nilimwambia kemikali ile ile ina kazi kichwani na ina kazi mgongoni, na kwamba yeye amepewa kwa ajili ya mgongo.

Alikaa kimya, kisha akasema, "Basi angeniambia hivyo."

Ningeweza kuishia hapo. Fumbo lilikuwa limefumbuliwa, dada ametulia, boksi liko mezani linasubiri. Lakini nilikuwa nimeshaanza kusoma.

## Namba nilizozificha siku tatu

Duloksetini iliruhusiwa Ulaya mwaka 2004 kwa wanawake wenye kuvuja kwa mkazo kwa kiwango cha kati hadi kikubwa, kwa jina la Yentreve. Kipimo chake ni miligramu 40 mara mbili kwa siku, na wengi huanzishwa na 20 mara mbili kwa wiki mbili ili mwili uzoee. Marekani kampuni iliondoa ombi lake mwaka 2005, na mpaka leo huko haijaidhinishwa kwa kazi hii.

Ulaya inasema ndiyo, Marekani haisemi. Hapo nikaanza kuingiwa na wasiwasi.

Katika jaribio moja la Amerika Kaskazini lililochapishwa mwaka 2003, wanawake 683 waligawanywa makundi mawili. Waliomeza duloksetini, mara zao za kuvuja zilipungua kwa nusu. Nusu! Nilifurahi, nikataka kumpigia simu saa ile ile. Kisha nikasoma mstari uliofuata: waliomeza kidonge kisicho na dawa ndani, zao zilipungua kwa asilimia 27.

Nimeikalia namba hiyo ya 27 kwa muda mrefu kuliko ile ya 50. Wanawake hawa walipewa daftari la kuandika kila walipovuja. Mtu fulani aliwauliza kila baada ya muda. Huenda walianza kwenda haja mapema, huenda walijibana kabla ya kupiga chafya, huenda kule kuulizwa tu kulibadilisha kitu. Sijui mgawanyo wake. Ninachojua ni kwamba kuvuja kulipungua kwa zaidi ya robo bila dawa, kwa watu ambao labda kwa mara ya kwanza maishani kulikuwa na mtu anayetaka kusikia habari za mkojo wao.

Namba zilizobaki hazikunifurahisha. Katika jaribio hilo hilo karibu mwanamke mmoja kati ya wanne aliacha duloksetini kwa sababu ya madhara. Kwenye kundi la kidonge kitupu walikuwa wanne katika mia. Kichefuchefu kiliongoza. Mapitio ya mwaka 2005 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyojumlisha majaribio kadhaa, yaliona kuvuja kunapungua kweli, ila waliosema wamepona kabisa walizidi kundi la kidonge kitupu kwa watu kama watatu katika kila mia.

Watatu.

Mwaka 2016 watafiti waliopata ripoti kamili za majaribio kutoka Shirika la Dawa la Ulaya, ripoti ndefu ambazo majarida huwa hayazichapishi, walipitia majaribio manne yenye wanawake 1,913. Hitimisho lao lilikuwa kali: dawa inafanya kazi, lakini madhara yanazidi faida.

Na lile onyo la kujidhuru halikuandikwa kwa kujaza karatasi. Mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilisema kwamba miongoni mwa wanawake wa majaribio haya haya ya mkojo, walioendelea na dawa baada ya sehemu ya kulinganisha na kidonge kitupu kwisha, visa vya kujaribu kujiua vilikuwa vingi kuliko ilivyotarajiwa. Katika sehemu ya kulinganisha yenyewe tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika dawa ilichangia kiasi gani. Lakini hawa hawakuwa watu waliokuja na sonona. Walikuja na mkojo.

Nilifunga kompyuta. Sikumpigia dada siku ile, wala kesho yake, wala siku ya tatu.

Nilijiambia namlinda. Ametoka kwenye aibu ya miaka kumi na mmoja, nikimwambia haya atalitupa boksi na hatarudi kwa daktari tena. Nilijiambia pia kwamba mimi si daktari. Yote mawili yalikuwa kweli, na yote mawili yalinipa nafasi ya kukwepa.

Siku ya nne nilimwambia. Nilianza kwa kuzunguka, nikataja kichefuchefu, nikataja usingizi kupungua, nikawa natafuta njia ya kufikia lile lingine. Akanikata.

"Unahangaika nini? Nilikusomea mwenyewe kwenye simu."

Kweli alikuwa amenisomea. Usiku ule wa kwanza. Yeye alikuwa amelala na onyo lile siku zote hizo, peke yake, huku mimi nikimlinda nisimwambie.

## Zilizoitangulia

Nilitaka kujua kama kuna dawa nyingine. Historia yake si ndefu, na sehemu kubwa ni ya kusikitisha.

Kulikuwa na fenilpropanolamini, dawa iliyokuwa kwenye vidonge vya mafua na vya kupunguza uzito. Inakaza misuli ya mlango wa kibofu, ikatumika pia kwa kuvuja. Lakini inakaza na mishipa ya damu. Mwaka 2000 ilihusishwa na kiharusi cha kuvuja damu kwenye ubongo kwa wanawake, na mamlaka ya Marekani ikataka iondolewe. Bado inatolewa kwa mbwa jike wanaovuja mkojo baada ya kuondolewa ovari.

Kulikuwa na homoni. Kwa miaka mingi wanawake waliokoma hedhi waliambiwa vidonge vya estrojeni vitarudisha nguvu ya mrija wa mkojo. Ilikuwa hoja inayoingia akilini, kwa sababu tishu za pale zinategemea estrojeni kweli. Kisha utafiti mkubwa wa Marekani wenye wanawake zaidi ya 27,000 ukachapishwa mwaka 2005: wanawake waliokuwa hawavuji, wakapewa vidonge vya homoni, walianza kuvuja zaidi kuliko waliopewa vidonge vitupu, na kuvuja kwa mkazo ndiko kulikoongezeka zaidi. Estrojeni ya kupaka au kuweka ukeni ni habari tofauti. Hiyo inaweza kusaidia, hasa panapokauka na kuwasha. Watu wengi huzichanganya hizi mbili, na ningetamani kila mwanamke azitenganishe kabla ya kukubali au kukataa.

Japani wanatumia klenbuteroli, dawa ya pumu. Kwingineko madaktari huandika imipramini, nayo ni dawa kongwe ya sonona. Basi. Hakuna orodha nyingine ndefu iliyofichwa mahali.

Nilihisi hasira nilipofika hapo. Ugonjwa unaowapata wanawake wengi hivi, na rafu la dawa lina boksi moja lenye ubishi, na machache ya kubahatisha.

## Kikohozi

Turudi kwenye ile simu ya kwanza. Nimeandika kwamba alikuwa anasimama kukohoa.

Nilikuwa nimekisikia kikohozi kile kwa miezi. Kikavu, kifupi, kisicho na makohozi, kinachozidi akilala. Kila wiki nilisema "pole dada", naye kila wiki alisema ni vumbi.

Wiki ya tatu ya kusoma kwangu nilikutana na sentensi iliyonifanya nirudi nyuma na kuisoma upya. Ilisema kwamba kabla ya kuongeza dawa ya kuvuja, ziangaliwe kwanza dawa ambazo mgonjwa anazo tayari. Dawa za presha kama doksazosini na prazosini hulegeza msuli wa mlango wa kibofu, na kwa mwanamke zinaweza kuanzisha kuvuja au kukuzidisha. Na dawa za presha ambazo majina yake yanaishia na "prili", kama enalaprili, lisinoprili na kaptoprili, huwapa baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha.

Nikampigia. Mchana, safari hii.

"Dada, niletee vidonge vyako vyote karibu ya simu. Vyote, hata vya presha."

Alisoma. Cha pili kilikuwa enalaprili.

"Ulianza lini?"

Akahesabu kwa matukio, kama anavyohesabu siku zote: kabla ya harusi ya mwanawe, baada ya kutoka hospitali. Ilikuwa karibu mwaka.

"Na kikohozi?"

Kimya.

"Na mkojo ulianza kuzidi lini, mpaka ukaamua kwenda?"

"We mtoto," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijamsikia nayo tangu mama afariki.

Kliniki ya presha ni moja, daktari wa mkojo ni mwingine. Wa kwanza hakuwahi kuuliza kuhusu mkojo. Wa pili aliuliza anavuja akifanya nini, naye akajibu "nikikohoa", na jibu hilo likatosha kuupa ugonjwa jina. Hakuna aliyeuliza swali linalofuata, ambalo mtoto angeuliza: unakohoa kwa nini?

Siwezi kuwalaumu wao tu. Mimi nilikisikia kikohozi hicho mara nyingi kuliko wao wote, nikasema pole.

Naomba nieleweke hapa, kwa sababu najua kuna atakayesoma akiwa na enalaprili mkononi. Dada yangu hakuacha kidonge chake. Presha isiyotibiwa inaua, na dawa hizi zimeokoa watu wengi sana. Wengi wao hawakohoi kamwe. Alirudi kliniki, akaeleza, wakambadilishia losartani, ambayo kwa kawaida haileti kikohozi hicho. Waliomwona walimwambia kikohozi kitachukua wiki kadhaa kuisha. Kilichukua tano.

Pia ndipo ilipojulikana jambo jingine. Duloksetini yenyewe inaweza kupandisha presha, na haifai kwa mtu ambaye presha yake haijadhibitiwa. Yake ilikuwa imedhibitiwa, kwa hiyo aliruhusiwa kuanza, kwa masharti ya kupimwa mara kwa mara. Akaanza wiki ile ile aliyobadilisha dawa ya presha.

Nilimuuliza kwa nini asisubiri kwanza, tuone kikohozi kikiisha itakuwaje.

"Nimesubiri miaka kumi na mmoja," akasema. "Usinihesabie wiki."

## Kidonge hakikugusi

Kila mwongozo niliousoma unaanza na mazoezi. Ule wa mwaka 2019 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, unasema mwanamke apewe kwanza mazoezi ya misuli ya nyonga yenye msimamizi kwa angalau miezi mitatu, akibana angalau mara nane, mara tatu kwa siku. Duloksetini isiwe chaguo la kwanza. Itolewe pale mwanamke anapopendelea dawa kuliko upasuaji, au upasuaji haumfai, baada ya kuelezwa madhara.

Na ushahidi wa mazoezi una nguvu. Daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliyaandika mwaka 1948. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yaliona kwamba kati ya wanawake wenye kuvuja kwa mkazo waliofanya mazoezi, asilimia 56 walisema wamepona, dhidi ya 6 kwa wasiofanya. Iweke namba hiyo kando ya wale watatu katika mia.

Kwa hiyo kwa nini dada yangu alitaka kidonge?

Nililiuliza swali hili kwa ukali kidogo, kichwani mwangu, kabla ya kumuuliza yeye. Nilifikiri ni uvivu, au kile tunachokijua wote cha kuona hujatibiwa mpaka upewe dawa ya kumeza. Alinisahihisha. Alikuwa ameshafanya mazoezi. Mkunga alimwambia baada ya uzazi wa tatu, "uwe unajibana", akajibana wiki mbili, hakuna kilichobadilika, akaacha. Hakuna aliyemwonyesha misuli ipi. Hakuna aliyehakikisha.

"Kidonge," akaniambia, "hakimwombi mtu anishike."

Sikuwa na jibu, na sitaki kujifanya nimelipata baadaye. Mazoezi yanayoponya wanawake kwenye tafiti ni yale ya kufundishwa, na kufundishwa maana yake ni mtu mwenye glavu anayekuambia bana, huku umelala, ukiwa na miaka hamsini na nne. Kidonge kinamezwa na maji, mlango umefungwa. Nikiwa mkweli, mimi pia ningeanza na kidonge.

Alienda hatimaye. Mtaalamu wa viungo, mwanamke wa makamo, alimwambia abane, kisha akamwambia kwa upole kwamba alikuwa anasukuma. Kila alipodhani anavuta misuli juu, alikuwa anaisukuma chini, kama mtu anayejikamua. Miaka yote ile, kila alipojaribu kujibana kabla ya chafya, aliongeza msukumo.

Alilia njiani. Aliniambia alilia kwa hasira.

## Daftari

Wiki mbili za kwanza za duloksetini, kwa miligramu 20, zilikuwa za kichefuchefu asubuhi na macho makavu usiku bila usingizi. Kichefuchefu kilipungua. Usingizi haukurudi sawasawa. Alipandishwa hadi 40. Alikuwa na daftari, kama wale wanawake 683, na kila jioni alichora vistari: kimoja kwa kila mara aliyovuja. Wiki ya kwanza vilikuwa vinne au vitano kwa siku. Wiki ya sita vilikuwa kimoja, na siku nyingine hakuna.

Ni dawa? Ni kikohozi kilichoisha? Ni mazoezi, ambayo kwa wiki ya sita yalikuwa bado machanga? Ni daftari lenyewe?

Tulibadilisha mambo mengi kwa wakati mmoja, na sasa hatuwezi kuyatenganisha. Linaniuma zaidi kuliko nilivyotegemea. Nilitaka kuandika makala inayosema dawa hii inafanya kazi au haifanyi. Nina daftari la mtu mmoja, ninayempenda, lenye vistari vinavyopungua, na siwezi kusema ni kwa nini.

Wiki iliyopita presha yake ilikuwa imepanda, si sana, ila mara mbili mfululizo. Daktari wa mkojo, ambaye safari hii alikaa na orodha ya dawa zote mbele yake, alisema angependa duloksetini ipunguzwe kidogo kidogo hadi iishe, halafu mazoezi yaachwe yafanye kazi yake mpaka miezi mitatu itimie. Mtu akiiacha ghafla anaweza kupata kizunguzungu, wasiwasi, hata hisia kama shoti zinazopita mwilini. Kwa hiyo ni polepole. Dada alimuuliza kama vistari vitarudi. Daktari akasema inawezekana, na vikirudi watazungumza tena, upasuaji ukiwemo. Dada alinisimulia jibu hilo kwa heshima. Alipenda kwamba hakuahidiwa.

Anaanza kupunguza Jumatatu. Jana alinipigia, saa moja jioni, kunipangia kazi. Anataka nimpigie kila baada ya siku moja mpaka dawa iishe, na nimuulize mambo matatu: moyo wake ukoje, amelala vipi, na mkojo.

"Kwa mpangilio huo," akasema. "Usianze na mkojo."